Baruti Hagombani Tena

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliopigiliwa miguu minne, mbele ya kibanda cha fundi viatu anayeitwa Gundi. Tundu la kitasa bado liko palepale, na asiyejua hukaa juu yake akainuka amechubuka. Asubuhi hiyo walikuwapo wa siku zote: Gundi mwenyewe akishona soli, Spana wa gereji ya jirani mwenye mikono isiyotakata, na Jaji, ambaye hajawahi kuhukumu hata kuku, ila alibeba mafaili ya mahakama miaka thelathini na hukumu zikamwingia. Birika la kahawa lilikuwa juu ya makaa. Aliyekosekana ni Baruti, fundi wa redio, mume wa dada yake Gundi, na yeye ndiye aliyekuwa akijadiliwa. Kosa lake ni moja: ametulia.

Ungemjua Baruti ungeelewa. Huyu ni mtu aliyewahi kugombana na redio ya mteja mpaka mwenye redio akaja kuamua. Sasa wiki ya tatu hajampandishia mtu sauti. Juzi Spana alimkanyaga makusudi, kumpima tu. Baruti akasema "haya", akasogeza mguu. Gundi alikosa usingizi kwa hiyo "haya". Dada yake naye alishapiga simu mara mbili, anauliza mume wake ana nini, mbona siku hizi hata chumvi ikizidi anakula tu. Na kila siku saa nne Baruti hufunga duka, huondoka bila kuaga, akarudi saa sita na uso laini kama wa mtu aliyetoka kuoga.

— Ni mambo ya kwenye simu hayo, Spana alisema. Siku hizi wanafundisha. Unavuta pumzi kwa pua, unahesabu mpaka nne, unaachia. Asubuhi maji ya uvuguvugu, jioni unatembea, usiku simu unazima.

— Wewe umejaribu? Gundi akauliza.

— Nilijaribu. Nilipofika mbili mteja akaniita.

Jaji akakohoa, maana yake shauri limefunguliwa.

— Pumzi haimbadilishi mtu wa miaka hamsini. Mtu mzima akitulia ghafla, anaficha kitu. Ana nyumba ndogo huyo.

— Mwenye nyumba mbili hatulii, mzee, Spana akapinga. Huyo ana kelele mara mbili.

Hoja ilikuwa nzito, Jaji akaliondoa shtaka. Spana akapata nguvu, akaleta la kwake: kuna watu wamemtuma Baruti awasikilize wenzake, ndiyo maana hajibu kitu, anakusanya tu. Gundi akauliza wakusanyiwe nini hapa, habari za soli? Spana akasema ndivyo wanavyoanza, na soli.

Ndipo Jaji akashusha sauti. Jana, alisema, alipita zahanati akamwona Baruti kwenye foleni, ameshika kadi ya namba, anatazama dirishani, anatabasamu.

— Hakuna anayetabasamu kwenye foleni ya zahanati, isipokuwa ameshaambiwa. Ameshaambiwa, na amekubali.

Sindano ikamchoma Gundi kidole. Hakuficha, aliogopa. Dada yake ana watoto wanne, wa mwisho bado anabebwa. Na shemeji huyu, pamoja na kelele zake zote, ndiye aliyekesha naye wodini mama yao alipougua.

Wakati huo akafika dada mmoja mwenye sare ya zahanati, ameshika kiatu chake kilichokatika mkanda. Akaketi pembeni asubiri, akapewa kahawa, akasikiliza kidogo.

— Mnamsema yule baba mwenye bisibisi mfukoni? Mimi ndiye ninayegawa namba pale. Kama anaumwa hatujui, maana hajawahi kumwona daktari.

Akawaeleza. Siku ya kwanza Baruti alimleta mtoto chanjo, foleni ikawa ndefu. Kesho yake akaja peke yake. Anachukua namba, anakaa karibu na dirisha, zamu yake ikifika anampa aliye nyuma, kisha anachukua nyingine. Dada huyo alipotaka kumtoa, Baruti akamsihi amwache. Nyumbani anaulizwa, dukani anaulizwa. Pale tu ndipo anakaa saa mbili hakuna anayemuuliza kitu.

Dada akatazama birika, akatazama nafasi iliyokuwa wazi.

— Ninyi si ndio wenzake? Kwa nini hakai hapa?

Jaji akainama kuchochea makaa. Spana akachunguza kucha zake. Gundi akakumbuka anavyompokea shemeji yake kila asubuhi, maswali yake kwanza, kisha ya dada yake, na aibu ikamshika. Alimaliza ule mkanda bila kuinua kichwa.

Dada alipoondoka, wakakubaliana. Akija, hakuna kuuliza. Apewe mahali pazuri, apewe kahawa, watu wafunge midomo.

Saa sita Baruti akatokea. Spana akahama, akaenda kukaa mwenyewe juu ya tundu la kitasa. Gundi akammiminia shemeji yake kahawa, akamtazama kwa upole, machozi yakiwa karibu. Jaji aliangalia chini tu.

Baruti akapiga funda moja. Akamtazama Spana, akamtazama Jaji, akamtazama Gundi kwa muda mrefu.

— Shemeji, mbona kimya?

— Hakuna kitu. Wewe kunywa.

— Nimepishana na yule dada wa zahanati, anatoka huku. Amewaambia nini?

— Hajasema kitu, shemeji. Pumzika.

Hilo "pumzika" ndilo lililoharibu. Baruti akaweka kikombe chini. Akajishika kifua, akajishika shingo, akajipima joto kwenye paji la uso. Ule uso laini wa wiki tatu ukajikunja, ukawa wa Baruti wanayemjua.

— Kesho, akasema taratibu, namba yangu simpi mtu.