Meja Spana Anakwenda Nyumbani

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na sita jeshini, mkuu wa karakana ya viungo bandia ya hospitali yetu anastaafu. Ameomba pasiwe na gwaride wala bendi. Magoti yake, anasema, hayawezi tena kusimama wima kwa hotuba zaidi ya moja, na hiyo moja iwe fupi. Basi kazi ya kumuaga ikaliangukia jarida hili, na kalamu nikakabidhiwa mimi, mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Nimefanya naye kazi ukuta kwa ukuta: yeye akitengeneza miguu, mimi nikiwafundisha watu kuitembelea.

Tunamwita Meja Spana. Kwenye kitambulisho kuna jina jingine, lakini hata wakubwa wake iliwabidi waulize walipotaka kumpandisha cheo.

Alijiunga na jeshi kwa sababu kaka yake, fundi wa malori, alimwambia kwamba huko utapewa vifaa vya kazi na chakula, na ukivunja kitu hawakukati masikio. Mambo ya gwaride hakuambiwa. Akinyoosha mkono wa kulia, mguu wa kulia nao unakwenda. Mwalimu wa gwaride alihangaika naye hadi akanyoosha mikono mwenyewe. "Huyu ni ngamia aliyevishwa buti," alisema. "Mpelekeni karakana kabla hajanimaliza." Ndivyo Spana alivyofika mahali pake.

Vita vilipoanza alikuwa sajini, akapewa lori la winchi. Kazi yake ilikuwa kwenda kule wenzake walikotoka wakikimbia, kuvuta magari yaliyokwama au kulipuliwa ili yatengenezwe na kurudishwa kazini. Hakuna aliyewahi kutunga wimbo kuhusu lori la winchi. Lakini waulizeni waliokuwapo: magari mangapi yaliyowatoa watu salama yalikuwa yameshakufa mara moja, yeye akayafufua?

Kuna siku moja ambayo haiwezi kurukwa. Habari zake nimezisikia kwa waliohusika wote wawili, kila mmoja kivyake, na hawakutofautiana.

Kikosi kilikuwa kinarudi nyuma, njia imejaa matope. Lori lililowatangulia likakanyaga bomu la ardhini, likapinduka mtaroni. Dereva wake alikuwa rafiki wa Spana tangu ukuruta, kijana aliyeimba kutwa nzima akiendesha, wenzake wakambandika jina la Redio. Injini ilikuwa imemlalia mguu. Spana alifunga waya wa winchi, ukakatika. Akaweka jeki, matope yakaimeza. Mizinga ilikuwa inasogea, na kapteni, kutoka mbele ya msafara, alikuwa anapiga kelele kwamba gari la mwisho linaondoka.

Tabibu wa kikosi alimgeukia Spana, maana pale mtaroni ndiye aliyekuwa mkubwa. Mguu uachwe hapa au mtu aachwe hapa. Hakuna la tatu.

Redio alisikia. Akamkamata Spana kola.

"Usikubali wanikate, ndugu yangu. Niache nife mzima."

Spana alimtazama tabibu, akasema, "Kata." Kisha akamvua Redio kofia, akamfunika nayo macho, akakishika kichwa chake mpaka kazi ikaisha.

Redio alipona. Spana akapewa nishani. Siku ya kuivaa, Redio aliletwa kwa kiti cha magurudumu, na nishani ilipokuwa inabandikwa alikigeuza kiti chake akaangalia ukuta. Waliosimama karibu walijifanya hawakuona. Spana aliona.

Vita vilipokwisha, makao makuu walimtaka idara ya usafirishaji: ofisi, gari, dereva wa kumfungulia mlango. Badala yake akaomba karakana ya viungo bandia, ambayo wakati huo ilikuwa stoo nyuma ya dobi la hospitali, yenye meza moja na dirisha lisilofungika. Wenzake walidhani amechanganyikiwa. Alirudishwa shule akiwa na watoto wawili, na mtihani wa kwanza wa mwili wa binadamu akaanguka kifudifudi. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyemwokoa. Alimkaririsha mifupa kama anavyowakaririsha watoto jedwali la kuzidisha, rula mkononi, na akikosea anagongwa kwenye mfupa ule ule aliousahau. Meja anasema mpaka leo akitaja mfupa wa paja, lazima aupapase.

Mguu wa kwanza aliotengeneza peke yake ulikuwa wa Redio. Aliupeleka mwenyewe, umefungwa kwenye blanketi. Mke wa Redio alifungua mlango nusu.

"Shemeji, samahani. Anasema hayupo."

"Mwambie sipo kweli!" sauti ikatoka ndani.

Akauacha mguu mlangoni, akaondoka. Mwaka uliofuata akapeleka mwingine, kwa sababu kigutu hupungua kadiri miaka inavyokwenda na mguu wa zamani ungekuwa unapwaya. Akaendelea hivyo. Mmoja ukageuka kuwa wa kuzuia mlango usipigwe na upepo. Mwingine watoto waliufanya bunduki. Redio alitembelea magongo, kichwa juu, na akimwona Spana njiani anavuka barabara.

Huku karakana mambo yakakua. Stoo ikawa vyumba vitatu, meza moja ikawa tisa. Siwezi kuandika habari za watu wote waliotoka hapa kwa miguu yao, lakini brigedia mmoja sina budi kumtaja. Huyu mzee alipoteza miguu yote miwili, na siku ya vipimo akamvuta Meja pembeni, akamnong'oneza kwamba, maadamu inatengenezwa upya, hakuna ubaya ikiongezwa urefu kidogo. Meja akaongeza. Wiki haikuisha, mke wa brigedia akaja na suti tano mkononi, suruali zote zimekuwa za kuvukia mto, akataka kujua nani alimruhusu fundi kumrefusha mume wake bila kumshauri.

Tulicheka siku hiyo. Siku za kucheka hazikuwa nyingi. Meja hakuwahi kumdanganya mgonjwa. Mtu akimuuliza kama atakimbia, alijibu: "Kutembea utatembea. Kukimbia tutaulizana baadaye." Akishajibu, anarudi chumbani kwake, anawasha mashine ya kusaga, na mimi ukutani kwangu nilijua mashine ile haisagi kitu.

Kisha, asubuhi moja ya mvua, mlango ukasukumwa kwa gongo. Redio, amelowa, nywele zimeshakuwa nyeupe. Nilikuwa nimekuja kuazima mkasi, sikujua nitoke au nibaki.

"Mabega yamechoka," alisema. "Daktari amenikataza magongo. Usidhani nimekusamehe, Sajini."

Alimwita Sajini, cheo alichokuwa nacho siku ile ya mtaroni. Mpaka leo hajawahi kumpandisha.

"Kaa hapo nikupime," Meja akasema.

Akaanza kupima. Alipofika kwenye goti, Redio akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuomba."

"Nilikusikia."

"Ukanikata hivyo hivyo."

"Nikakukata hivyo hivyo. Nyanyua kidogo."

Basi. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekumbatiwa. Mguu ulipokuwa tayari nilimweka Redio kwenye reli za mazoezi, akatembea hadi mwisho, akageuka, akasema unalia kama kitanda kibovu. Meja akaufungua akaukaza. Tangu hapo hauishi mwezi Redio hajaja na lalamiko. Mara unabana, mara umelegea, mara eti unavuta kushoto. Baadaye akaanza kupitia wodini, anakaa kando ya kitanda cha askari aliyekatwa juzi, anamwacha amtukane fundi, jeshi na dunia nzima, na yeye anamsaidia kutukana. Wakichoka, anamleta kwetu.

Sitaandika kwamba Meja anaondoka akiwa mwenye furaha. Amechoka. Alipoingia hapa aliambiwa ni kazi ya miaka michache tu, hadi majeruhi wa vita vile wamalizike. Alitarajia siku moja kubaki bila mgonjwa. Majeruhi wa vita vile hawajamalizika, wakaja wa operesheni za kulinda amani, wakaja wa mabomu yaliyosahaulika ardhini, wengine wamezaliwa vita vimeshakwisha. Mikono yake imebabuka kwa plasta. Akikaa, analala hapo hapo alipokaa. Hata hivyo muda wa kustaafu ulipofika aliomba aongezewe, na ulipokwisha ule wa nyongeza akaomba tena. Mkewe alimsihi, wanawe walimsihi, mkuu wa hospitali alimwita ofisini. Jibu lilikuwa moja: "Nikimaliza hawa waliopo."

Mwaka huu, mwanzoni mwa mvua, alianguka katikati ya meza zake. Shinikizo la damu. Tulimbeba kwenye kitanda kile kile cha vipimo, tukampeleka wodini. Alipopata fahamu, Redio alikuwa amekaa kwenye kiti kando yake, mguu wa bandia ameunyoosha mbele. Mimi nilikuwa nimesimama na chati.

"Nani amebaki na yule koplo?" Meja akauliza. "Leo alikuwa aanze kusimama."

"Amesimama," nikamjibu. "Fundi wako amemaliza kila kitu."

"Nipe viatu vyangu."

Redio aliweka kiganja kwenye kifua chake, akamrudisha kwenye mto.

"Siku ile uliniamulia, Sajini. Nilikukatalia, ukaniamulia. Leo na mimi nakuamulia. Nenda nyumbani."

Machozi yalimtoka Meja pembeni ya macho, yakaingia masikioni, hakuyafuta.

"Hukuniuliza," alisema.

"Na wewe siku ile hukunikubalia," Redio akamjibu. "Lakini nilipona."

Alipotoka wodini, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwa mkuu wa hospitali kumwambia kwamba yuko tayari.

Meja, kwa niaba ya mafundi, wauguzi, madereva, watu wa dobi wanaopenda kukukumbusha kwamba ulianza kwao, na kwa niaba ya kila aliyetoka mlangoni petu akitembea, tunakushukuru. Mama, mwalimu wetu wa mifupa, tunakurudishia mume wako. Amechakaa kidogo, utuwie radhi. Tunawaombea afya, wajukuu wasumbufu na usingizi usiokatishwa na mtu.

Na Afande, ukiwa nyumbani, ukasikia gari la wagonjwa linapita barabarani likilia, usiinuke. Tutakwenda sisi.