Bi. Mwanahawa Kondo, Fundi wa Vichujio, Anaondoka kwa Tarehe Yake

Bi. Mwanahawa Kondo, fundi picha mkuu wa Kituo cha Kumbukumbu za Mabonde, Morogoro, anastaafu tarehe 30 Juni 2024 baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kazi. Kwa kuwa tarehe hiyo ni Jumapili, tunamuaga leo, Ijumaa. Tunaitaja tarehe mapema na kwa makusudi. Hadi katikati ya Mei hakuna aliyekuwa na uhakika nayo, yeye mwenyewe akiwemo.

Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1991 akiwa na miaka ishirini na sita. Kituo kilikuwa na kamera mbili, chumba kimoja cha giza na bomba la maji ya mlimani yaliyokuwa baridi kiasi kwamba asubuhi dawa za kusafishia picha zilikataa kufanya kazi. Bi. Mwanahawa alizipasha moto kwa kutumbukiza chupa zake kwenye sufuria ya maji ya chai. Mkuu wake wa wakati ule alimwandikia onyo kwa matumizi mabaya ya vyombo vya jikoni, na mwezi uliofuata akaagiza sufuria ya pili. Barua zote mbili zimo kwenye jalada lake.

Kwa wageni waliopo leo: kituo hiki hupiga picha za mito, miteremko na mashamba ya Uluguru kutoka sehemu zilezile kila mwaka, ili ionekane kilichobadilika. Picha ikiwa na ukungu, doa au mkwaruzo, mabadiliko hayaonekani. Kazi ya Bi. Mwanahawa ilikuwa kuhakikisha yanaonekana.

Kompyuta ilifika mwaka 2006. Programu ya kuhariri picha iliyokuwamo ilikuwa ya kunakiliwa, na kila mtu alijua. Mwaka 2013 ilianza kudai leseni, na asubuhi moja ikagoma kufunguka. Kwa wiki tatu hakuna picha iliyotoka. Bi. Mwanahawa akaenda mwenyewe kwenye mgahawa wa intaneti, akarudi na flashi yenye GIMP, programu huria isiyouzwa, pamoja na mkusanyiko wa vichujio vya nyongeza. Hivi ni vijiprogramu vilivyoandikwa na watu wa kujitolea, ambavyo hupachikwa kwenye programu kubwa na kufanya kazi moja moja: kufuta vumbi, kupunguza ukungu, kurudisha rangi.

Mkurugenzi wetu, Ndugu Severin Mkude, alisita. "Dada Mwanahawa, kitu cha bure nacho kina mwenyewe. Wasije wakatufuata hapa." Bi. Mwanahawa alichapa masharti ya leseni, kurasa kumi na moja za Kiingereza, akazigonga muhuri wa IMEPOKELEWA na kuzifungulia jalada. Mkaguzi alipokuja aliomba jalada hilo, akahesabu kurasa, akaridhika.

Majina ya Kiingereza ya vichujio hakuyapenda. Kila alipopata mchanganyiko uliomfaa, aliupa jina lake. Ukungu wa Bondwa ulisafisha picha za asubuhi. Vumbi la Mikese lilifuta vidoa vyeupe. Moshi wa Turiani uliondoa rangi ya kahawia ya picha zilizokaa sana. Watumishi wapya walimsikia akisema anapitisha Mikese kwanza halafu Turiani, wakadhani anapanga safari.

Kati ya makosa yake tutataja moja, kwa kuwa yeye mwenyewe ametaka liandikwe. Mwaka 2017 alisafisha picha ya mteremko ulio juu ya kitongoji kimoja huko Mgeta. Kichujio cha mikwaruzo kiliona mstari mwembamba mlimani, kikaudhania mkwaruzo wa filamu, kikaujaza majani. Picha ikabandikwa ofisi ya kata. Baada ya wiki mbili mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Andrea, aliingia hapa akiwa ameikunja kwapani. Bi. Mwanahawa akamwamkia.

"Marahaba, mama," mzee akaitikia. "Mmetuzibia ufa wetu kwa kompyuta. Tunashukuru. Ila sisi bado tunalala chini yake."

Hakubishana. Picha asilia ilikuwepo, kwa sababu hajawahi kuigusa picha asilia. Hufanyia kazi nakala tu. Picha sahihi ilichapwa kabla mzee hajamaliza chai yake, na kaya tisa zilihamishwa kabla ya masika yaliyofuata. Tangu siku hiyo hafuti mstari wowote bila kutazama fremu za jirani kwenye negativu, ule ukanda wa filamu wenyewe. Mkwaruzo wa filamu hupita kutoka fremu hadi fremu. Ufa wa ardhi hubaki kwenye ardhi yake.

Sasa tuje kwenye tarehe. Jumatatu ya tarehe 15 Januari mwaka huu, mkurugenzi alimwandikia barua ya kumwomba abaki mwaka mmoja kwa mkataba. Negativu 2,140 zilikuwa hazijashughulikiwa, na mwenye kujua vile vichujio alikuwa mmoja. Bi. Mwanahawa hakutaka kubaki. Mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na saba, anaishi peke yake Kinole, na kwa miaka sita sasa Bi. Mwanahawa amekuwa akipanda huko mlimani kila Jumamosi na kushuka Jumapili. Alikwisha kumwambia mama kwamba Julai anahamia moja kwa moja. Lakini kuziacha negativu nako kulimshinda. "Nikiondoka zikabaki bila mtu," alisema, "nitakuwa sijaondoka."

Akaweka sharti. Msaidizi wake wa miaka minne, Bi. Shakila, angesafisha filamu moja ya picha thelathini na sita bila kumuuliza neno. Akiweza, Bi. Mwanahawa anaondoka. Asipoweza, anasaini mkataba. Mkurugenzi akakubali.

Februari Shakila alishindwa. Alizidisha Turiani, udongo mwekundu ukawa majivu. Machi alishindwa tena, na safari hii akalalamika. Kila alipouliza kiasi gani, jibu lilikuwa "mpaka uone."

"Mama, 'mpaka uone' nitaiandika wapi?"

Lalamiko lilikuwa la haki. Vichujio huria vina faida moja ambayo hatukuwa tumeitumia kwa miaka kumi na moja: maandishi yanayoviendesha yako wazi, na yeyote anaruhusiwa kuyasoma na kuyabadilisha. Aprili nzima wawili hao walikaa pamoja. Mmoja alirekebisha picha kwa jicho lake. Mwenzake alisoma namba na kuziandika ndani ya kichujio.

Jaribio la tatu lilikuwa Jumanne, tarehe 14 Mei. Bi. Mwanahawa alikaa mapokezi tangu asubuhi, akaagiza chai, hakuinywa. Saa nane na dakika kumi mchana akaitwa. Alizikagua picha thelathini na sita kwa saa moja na dakika hamsini, lenzi mkononi. Nusu ya ofisi ilikuwa imesimama mlangoni, mkurugenzi akiwa na mkataba ndani ya bahasha. Kwenye picha ya kumi na saba lenzi ikasimama.

"Huu mstari hukuuona?"

"Nimeuona, mama. Ni njia ya mbuzi. Nimeangalia fremu za pembeni, haumo."

Bi. Mwanahawa akageukia kompyuta. Kichujio cha mikwaruzo hakikuwa kimefuta mstari hata mmoja chenyewe. Kilikuwa kimeipaka mistari yote rangi nyekundu na kusubiri jibu, mstari kwa mstari.

"Nani kakifundisha kuuliza?"

"Mimi. Si ulisema maandishi yako wazi?"

Hilo Bi. Mwanahawa hakuwahi kulifikiria, na alikiri papo hapo. Alimaliza picha zilizobaki, akavua miwani, akasema, "Kinole hiyoo." Mkurugenzi aliirudisha bahasha mfukoni. Wengi wetu tulipumua kwa sauti.

Hadi jana zimebaki negativu 1,655. Zitakwisha mwakani, mikononi mwa Shakila. Kichujio chenye kuuliza kimewekwa mtandaoni bure kwa atakayekihitaji, kwa jina la Kondo.

Bi. Mwanahawa, umefanya kazi kwa usahihi, na ulipokosea ulitaka kosa liandikwe. Kituo kinakushukuru. Shakila amekwisha kuibandua namba yako ya simu ukutani. Tukikupigia, itakuwa kukujulia hali tu. Panda salama, utusalimie mama, na Jumapili hii usishuke.