Ndoo ya Dakika ya Thelathini na Moja

Wimbo ushafika dakika ya tano na Mama Deki kakaa. Narudia kwa wasioamini: kakaa, kwenye kiti, mstari wa tatu, na viatu kavua. Miaka ishirini na sita amefanya usafi wa ukumbi huu, na leo, Jumamosi tarehe thelathini, anastaafu. Ndiyo mara ya kwanza tunamwona humu ndani amekaa, mikono mitupu. Karatasi hii itabandikwa mlangoni muisome mkitoka. Ilitakiwa iwe tayari tangu Jumatatu. Nimepewa mimi ninayekata tiketi, kwa sababu eti mtu asiyeongea lazima ana mengi ya kuandika.

Mama Deki aliajiriwa kusafisha. Nalisema hilo mapema maana kuna wageni wanadhani aliajiriwa na bendi. Bendi yenyewe, Kisima Angani, ilimkuta hapa. Wanapiga roki ya saikedeliki, yaani gitaa linalia kama limeibiwa, moshi unapulizwa mpaka humjui uliyekaa naye, na wimbo mmoja una dakika arobaini na mbili. Mpiga gitaa ndiye mkubwa wao, anaitwa Profesa. Chuo kikuu alifika kweli, alienda kupiga kwenye sherehe ya mtu. Wapenzi wao wanajiita Wanakisima. Zamani walikuwa wanakesha, siku hizi onyesho linaanza saa kumi alasiri, kwa sababu nafsi zao zinaelea angani lakini presha zao zinataka kulala mapema.

Mwaka wa tano wa Mama Deki kazini, bendi ilirekodi santuri yake humu humu, watu wakiwemo. Wimbo ulikuwa mpya, unaitwa Mchana wa Saba, ndio huu unaopigwa sasa hivi. Ikifika dakika ya thelathini na moja vyombo vinanyamaza kimoja kimoja, ili msikilizaji aisikie nafsi yake. Mama Deki alikuwa nyuma ya pazia na ndoo. Akasikia kimya. Akawaza kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angewaza: afadhali, wamemaliza. Akapanda zile ngazi tatu za jukwaa, mshikio ukachomoka, ndoo ya bati ikashuka ngazi zote na maji yake, na yeye akasema "Ebo!" Vyote vikaingia kwenye santuri.

Profesa alitaka kulia. Bahati nzuri Wanakisima walielewa kabla yake. Ndoo ni roho ikishuka kisimani. Ngazi tatu ni utoto, utu uzima na uzee. Na "Ebo!" ni neno la kale ambalo maana yake bado wanaitafuta. Mwalimu mmoja wa hesabu, ambaye mpaka leo ndiye mwenyekiti wao, alipima kwa saa: dakika thelathini na moja na sekunde kumi na mbili. Jumamosi iliyofuata wimbo ukapigwa bila ndoo, watu mia nne wakagoma kutoka. Profesa akamfuata Mama Deki kwenye stoo ya mafagio, mikono nyuma kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mama, tunaomba uiangushe tena."

"Nikilowesha, nani anadeki?"

"Si wewe?"

"Haya."

Ndivyo alivyopandishwa cheo. Tangu hapo kila Jumamosi ndoo inashuka, na watu mia nne wazima, wenye wajukuu, wanaitikia "Ebo!" kwa pamoja. Mara moja tu, bati lilipotoboka, alikuja na ndoo ya plastiki. Wanakisima wakagawanyika, wa Bati na wa Plastiki, mwaka mzima hawasalimiani. Bwana mmoja alirudi kwa mama yake kwa sababu mkewe alisema hajaona tofauti.

Mambo mengine aliyoyafanya Mama Deki ni madogo madogo. Alizima moto jukwaani mara mbili, bendi ikadhani ni sehemu ya taa na kuendelea kupiga. Alimtoa mpiga kinanda chini ya kinanda. Aliwahi kumwambia Mwanakisima mmoja aliyekuwa anatafakari koridoni, "Nyanyua miguu, baba, nipite," na yule bwana akalia, akasema amengojea maneno hayo maisha yake yote. Siku hizi yameandikwa kwenye fulana. Kwenye jalada la santuri wameshukuru watu arobaini, pamoja na paka wa Profesa. Mama Deki hayumo, lakini paka ni paka mzuri, hatuna neno.

Juzi wakamuuliza anataka zawadi gani. Walikuwa washaiandaa, ndoo iliyopakwa rangi ya dhahabu, usiyoweza kuitia maji maana rangi inatoka. Akaipokea, akashukuru, akaiweka chini.

"Mimi nataka kiti," akasema. "Huu wimbo sijui unaishaje."

Tukacheka, halafu tukaona ni kweli. Ndoo ikishaanguka anakimbia kudeki kabla maji hayajafika kwenye nyaya, na kule nyuma kuna lile feni la kuvuta moshi, husikii hata ukiitwa. Santuri walimpa, lakini hana cha kuipigia. Amefunikia mtungi wa maji, anasema inafunika vizuri. Na Jumatatu anahamia kwa binti yake, mbali. Jumamosi nyingine hakuna.

Sasa nani aangushe? Alhamisi wakajaribu wote. Profesa aliishusha kama anaweka shada la maua. Mwalimu aliangusha huku midomo inahesabu. Mpiga ngoma aliirusha, ikapata kibonyeo. Mama Deki alisimama pale amefumba macho, kila mmoja akapata jibu lile lile.

"Hapana, mwanangu. Hiyo umeiangusha. Mimi iliniponyoka."

Saba walijaribu, saba wakakataliwa. Wakaanza kumwomba aache tu kiti, cha nini, miaka yote hiyo hajakaa. Akafumbua macho, akaniona mimi nimesimama kwenye ngazi napisha watu. Akanipa ndoo ghafla, "Hebu nishikie," nami nikashtuka. Ngazi zote tatu. Hata "Ebo!" ilinitoka yenyewe.

"Huyo huyo," akasema. Kisha akaniinamia sikioni: "Lakini ukiharibu nainuka, naenda kuifanya mwenyewe. Kazi yangu haiishii kwenye aibu."

Akiinuka, mwisho wa wimbo ndio basi tena. Na mwisho mimi naujua, nasimama mlangoni kila wiki. Baada ya makelele yote gitaa linabaki peke yake na kasauti kadogo, kanapanda mara tatu, kanashuka polepole. Hapo Wanakisima wanafumba macho. Mwalimu kaandika kitabu kizima kwamba sauti ile ilimshukia Profesa kutoka angani. Sibishani na kitabu. Ila mimi naingia kazini asubuhi, ukumbi hauna mtu, na kila asubuhi naisikia sauti hiyo hiyo koridoni, inatoka puani mwa mtu anayedeki akirudi kinyumenyume. Miaka ishirini na moja watu wanalia kwa sauti ya mtu anayengoja sakafu ikauke. Profesa aliiokota bila kujua, au alijua, atatuambia. Mwenye sauti ndiye hajawahi kuisikia ikirudi kwake.

Kwa hiyo Mama, asante kwa sakafu. Asante kwa kutuvumilia wote, wa Bati na wa Plastiki. Huko uendako tunakuombea ndoo zenye mishikio mizima na watu wanaofuta miguu mlangoni. Ukiisoma karatasi hii, ama uliinuka, ama ulikaa mpaka mwisho. Kama ulikaa, hakuna la kukueleza.

Naishia hapa. Kinanda kimenyamaza, besi inafuata, imebaki ngoma tu, na ndoo iko kwenye ngazi imejaa mpaka juu. Inabidi niende. Viganja vinanitoka jasho mpaka kalamu inateleza, na nadhani ndivyo inavyotakiwa.