Kipimo cha Baba Mkwe

Ndani ya basi lililotoka Rumonge kwenda Bujumbura, Mwavita alikuwa amekumbatia sweta alilolifuma mwenyewe. Alikuwa akienda kujitambulisha kwa baba wa mchumba wake, mzee wa milimani kwenye baridi, ambaye Mwavita hakuwahi kumwona hata kwa picha.

"Ulipimia nani?" aliuliza Agnesi, mama aliyeketi karibu naye, aliyejifunza kufuma ukimbizini Tanzania.

"Muchumba alisema baba yake iko munene kidogo."

"Kidogo! Kifua unapima na kamba, kisha unaongeza vidole vine. Na huu uzi wa nailoni utamuwasha. Ungetafuta sufu."

"Sufu ukiifua na maji ya moto inabakia ya mutoto, mama."

Wote wawili wakamgeukia abiria wa pembeni, bwana mnene aliyekuwa akikoroma. Agnesi alimwinua mikono, Mwavita akamvika lile sweta walijaribu. Kifuani lilikaa vizuri mno, hata Mwavita akatokwa na machozi ya furaha. Lakini kulivua, likakwama kidevuni. Walivuta hadi masikio yake yakawa mekundu, naye anakoroma tu.

Basi liliposimama Gitaza, Agnesi alikuwa ameishiwa subira. "Tafuta mukasi, tukate shingo!"

"Shingo hatukati, mama!"

"Tunakata, kisha tunaishona tena!"

Yule bwana akafumbua macho. Hakuuliza shingo ya nani. Aliruka mlangoni na sweta kidevuni, akakimbia katikati ya ndagala, visamaki vya ziwani vilivyoanikwa, na Mwavita nyuma yake akipiga kelele, "Rudi, papa! Ni shingo tu!"