Choo Kilichoelekea Kibla

Dija alijifanya amesinzia basini, hadi wanaume wawili waliokaa mbele yake, waliotambuana tena Bunju baada ya miaka mingi, walipofikia habari ya choo. Mmoja, Gaspari, aliwahi kuwa mkalimani wa Wazungu wa kanisa waliofundisha uashi kijijini kwa mwenzake, Shuaibu, Biblia kwanza, matofali baadaye.

"Mlikielekeza kibla," Shuaibu alisema. "Nani atajisaidia akielekea kibla? Hakijatumika hata siku moja."

"Na wewe mwanafunzi wao ulinyamaza?"

"Ningesema tukichimba msingi, tungekigeuza siku ileile. Nilimwonea haya mwalimu, kaka. Alifundisha kwa moyo."

Basi likasimama Mapinga. Gaspari aliinuka taratibu.

"Kila Krismasi yule mwalimu wako, mzee wa watu, ananiomba picha ya choo chake," alisema. "Hufurahi kuona kilivyo safi."