Ndeti wa Kiema na Mahali Alipokuwa Akinyamaza

Ndeti Kiema alizaliwa Kanyangi, Kitui, mwezi wa Novemba mwaka wa 1943. Tarehe haikuandikwa. Mama yake, Mutindi, alikuwa akisema ni siku ya pili ya mvua, kwa sababu siku ya kwanza alishinda shambani akipanda. Baba yake alikuwa Mzee Kiema Ndululu, mkulima na mfugaji. Ndeti alikuwa wa tatu katika watoto sita.

Alianza shule mwaka wa 1952, hapo karibu na soko la Kanyangi, akasoma hadi darasa la nne. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na alichoandikiwa ubaoni alikinakili bila kukosea. Siku moja mwalimu alisahau kufuta tarehe ya jana na nusu ya hesabu ya darasa lingine. Ndeti aliandika vyote.

"Hii hesabu ni ya nani?" mwalimu akamwuliza.

"Sijui, mwalimu. Ilikuwa ubaoni."

Jambo hilo lilichekwa nyumbani miaka mingi. Mwisho wa mwaka wa 1955 aliacha shule kwa sababu baba yake alihitaji mtu wa kufuata ng'ombe.

Mwezi wa Machi 1961 alishuka hadi Sultan Hamud kutafuta kazi. Aliajiriwa na Mzee Kang'ethe, mfanyabiashara aliyekuwa ametoka Murang'a na kufungua duka la mafuta ya taa, sabuni na vipuri vya baiskeli. Ndeti alijifunza kutengeneza baiskeli nyuma ya duka, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha maisha yake yote.

Dukani kulikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Mzee Kang'ethe aliiweka karibu na mlango ili wapita njia wasimame. Mwaka wa 1962 mfanyakazi mmoja wa reli alihamishwa, akamwachia Ndeti gitaa lake kwa kuwa halikuenea kwenye mizigo. Hakukuwa na mtu wa kumfundisha. Alifundishwa na gramafoni. Mzee alipokwenda Nairobi kuleta bidhaa, Ndeti aliweka santuri, akasikiliza kipande kidogo, akainua sindano, akatafuta kipande hicho kwenye nyuzi mpaka akakipata, ndipo akashusha sindano tena. Kufikia mwaka wa 1965 alikuwa na nyimbo kumi na saba vidoleni, na kila moja ilitoka kama ilivyokuwa kwenye sahani ya santuri. Watu wa Sultan Hamud walimsifu. Ukiwa umegeuka, walisema, huwezi kujua ni mtu au ni gramafoni.

Sifa hiyo aliipenda. Hakuona ubaya wake mpaka siku Waithera, binti wa Mzee Kang'ethe, alipoolewa, Jumamosi tarehe 18 Desemba 1965. Ndeti aliombwa apige gitaa bibi harusi akitoka nyumbani. Alichagua wimbo aliouona kuwa mzuri kuliko wote. Alipofika katikati, alirudia kipande kimoja mara tatu, kisha akaendelea. Alipofika tena pale, akarudia tena mara tatu. Bibi harusi, aliyekuwa akitembea kwa mwendo wa wimbo, alisimama asijue aweke mguu wapi.

Mzee Kang'ethe alianza kucheka. "Kijana," alisema, "hiyo santuri niliiangusha mimi. Hapo ni mkwaruzo."

Ndeti aliendelea kupiga, kwa sababu hakujua la kufanya.

"Msukumieni sindano," mzee akasema, "la sivyo msichana wangu hatafika kanisani leo."

Arusi yote ilicheka. Mkwaruzo ule ulikuwa unarudisha sindano sawasawa na mdundo, na wimbo wenyewe Ndeti hakuwahi kuusikia mahali pengine, kwa hiyo alikuwa ameamini kuwa ndivyo ulivyotungwa. Tangu siku ile aliitwa Santuri. Vijana walipompita akikaza spoku za baiskeli walimgonga begani na kusema, "Endelea, umekwama."

Alistahimili hayo. Neno lililomshinda lilikuja mwaka uliofuata. Mzee Kang'ethe alimtuma Kambu kufungua tawi dogo la duka, na kando ya duka hilo kulikuwa na hoteli ya chai. Aliyehudumia hapo alikuwa Kalunde, binti wa Ndolo. Ndeti alianza kupiga gitaa barazani saa za alasiri, akitazama upande wa hoteli. Alipiga nyimbo zote kumi na saba kwa muda wa wiki mbili. Kalunde aliendelea kuosha vikombe.

Mwishowe Ndeti alimwuliza kama hapendi muziki.

"Napenda," Kalunde alisema. "Lakini wewe unapiga kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Unaisoma vizuri, hukosei hata neno. Lakini barua si yako, na mimi sikuandikiwa."

Ndeti alilitundika gitaa kwenye msumari ndani ya duka. Lilikaa hapo zaidi ya mwaka mmoja. Aliwaambia watu kuwa nyuzi zimekatika. Hazikuwa zimekatika. Alichokuwa akijiuliza, kama alivyokuja kueleza baadaye, ni kama ndani yake kulikuwa na wimbo wowote usiokuwa wa mtu mwingine. Aliogopa kulichukua gitaa na kukuta haupo.

Mwezi wa Juni 1967 Mzee Kiema alifariki. Agosti, wakati wa kuvuna mbaazi, Ndeti alirudi Kanyangi kumsaidia mama yake, akalibeba gitaa kwa sababu hakutaka kuliacha katika duka lililofungwa. Mama Mutindi alikuwa akipura mbaazi kwa fimbo uani, na akipura aliimba. Wimbo ulikuwa mfupi, wa kazi, wa mistari mitatu. Kila alipomaliza mstari wa pili alinyamaza. Fimbo iliendelea kupiga, lakini sauti ilikatika kwa muda wa mapigo manne, kisha ikaingia mstari wa tatu.

Siku ya tatu Ndeti alitoa gitaa akaanza kumfuata. Alifanya kama alivyozoea, akatafuta kila sauti mpaka akaipata. Pale mama alipokuwa akinyamaza aliona pengo, akaweka pambo zuri la vidole.

Mama alishusha fimbo. "Unafanya nini hapo?"

"Najaza, mwaitu. Pako wazi."

"Hapo si wazi. Hapo ni pa baba yako. Mimi niliimba huku, yeye akajibu kutoka zizini. Miaka thelathini." Alichukua fimbo tena. "Usiingie mahali pa mtu."

Ndeti alikuwa amesikia wimbo ule tangu utoto, pamoja na jibu la baba yake, na hakuwa ametambua kuwa jibu halipo. Alijaribu tena. Ilipofika pale aliondoa mkono kwenye nyuzi. Mara ya kwanza aliondoa mapema, kwa woga. Mara ya pili alihesabu mapigo manne kichwani, na mama akasema, "Unahesabu. Ninakuona midomo." Ilichukua wiki tatu, mpaka mbaazi zote zikaingia ghalani. Mwisho aliacha kuhesabu. Alimsikiliza baba yake akikosekana, na alipotosheka kumsikiliza aliingia mstari wa tatu. Siku hiyo Mama Mutindi aliimba mpaka mwisho, kisha akaenda kuteka maji.

Alirudi Kambu mwezi wa Septemba. Alikaa barazani alasiri akapiga wimbo ule wa mistari mitatu. Kalunde aliacha vikombe kwenye beseni. Alikuja akasimama mlangoni, mikono ikiwa na povu, mpaka wimbo ukaisha.

"Hiyo umeiandika mwenyewe," alisema.

Ndeti aliomba chai.

Walioana tarehe 14 Desemba 1968 na Mungu akawajalia watoto wanne, wa kwanza akiwa Mumbua. Mwaka wa 1969 Mzee Kang'ethe alimwachia banda la baiskeli la Kambu liwe lake, na alilifanyia kazi miaka ishirini na mitano. Jina la Santuri halikumtoka, lakini lilipungua makali, na watoto wake walikua wakidhani ni jina la ukoo.

Zile nyimbo kumi na saba alizirudia moja moja. Hakuzitupa. Katika kila moja alitafuta mahali pa kuondoa mkono. Wimbo wa arusi ya Waithera nao aliupiga, na alipofika kwenye mkwaruzo hakurudia tena. Alinyamaza hapo. Mzee Kang'ethe aliusikia alipopita Kambu safarini kwenda Mombasa, akamwambia, "Sasa sindano imepona." Kisha akaomba aurudie.

Habari zake zilifika mbali. Mwezi wa Mei 1971 aliitwa Nairobi na watu wa kurekodi. Alikwenda amevaa koti la siku ya arusi yake. Alipiga wimbo wa mama yake mara moja, na mwenye mitambo akatoka chumbani akamwambia kuwa ni mzuri, ila pale katikati azibe.

"Pazibwe kwa nini?" Ndeti akauliza.

"Watu watadhani santuri imeharibika. Watairudisha dukani."

Aliambiwa apige pambo lolote, hata la vidole viwili, na sahani itatoka mwezi ujao. Alijaribu. Alipofika pale mkono ulikataa. Alijaribu tena, ukakataa tena. Mwenye mitambo alikuwa mtu mstaarabu, akamwambia apumzike arudi kesho. Ndeti alishukuru, akafunga gitaa, akapanda basi siku hiyo hiyo. Alipofika nyumbani Kalunde alimwuliza sahani iko wapi. Alisema, "Walitaka nimsukume baba atoke mahali pake." Kalunde akamwekea chakula. Neno hilo halikuzungumzwa tena nyumbani, ingawa miaka ya ukame yeye na Kalunde walikuwa na sababu ya kulikumbuka.

Mwaka wa 1975 aliokoka na kubatizwa hapa Kambu. Baadhi ya wazee wa kanisa hawakulitaka gitaa, na Mzee Mutie aliyekuwa mwenyekiti wao alisema waziwazi kuwa wimbo wa kitabu haukatwi katikati kama kamba. Ndeti aliketi nyuma bila gitaa miaka sita. Mwezi wa Julai 1981 mke wa Mzee Mutie alifariki. Mzee alikuja bandani mwenyewe, akakaa juu ya tairi kuukuu.

"Nitakuomba uje upige," alisema.

"Nitapiga, mzee. Lakini niambie kwanza. Marehemu mkeo alikuwa akikuitaje?"

Mzee Mutie alifikiri. "Alikuwa haniiti. Alikuwa anakohoa kidogo akifika mlangoni, najua ni yeye."

Siku ya mazishi Ndeti alipiga wimbo wa kitabu, na mwisho wa mstari wa pili akanyamaza kwa muda ambao mtu hufika mlangoni akakohoa. Mzee Mutie aliinamisha kichwa. Gitaa halikukatazwa tena. Tangu siku hiyo kila familia iliyofiwa, kutoka hapa hadi Sultan Hamud, ilimwita, na kila mara aliuliza swali kwanza. Mama yake alipofariki mwaka wa 1983 hakumwuliza mtu.

Tarehe 9 Oktoba 1994 alianguka bandani. Kilikuwa kiharusi. Alikaa hospitali wiki tano, akatoka anaongea vizuri, lakini mkono wa kushoto haukurudi. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, kwa hiyo alikuwa na wa kupiga, hakuwa na wa kubana nyuzi. Miezi mitatu hakutaka kuliona gitaa. Kisha siku moja Kalunde alilishusha, akaketi upande wake wa kushoto, akaweka vidole kwenye nyuzi.

"Wapi?" akauliza.

"Wewe hujui gitaa."

"Nimelisikia miaka ishirini na saba, Baba Mumbua. Niambie wapi."

Alimwelekeza. Vidole vya Kalunde vilikuwa vigumu kwa jembe na vilichelewa. Ndeti alipiga, akangoja afike, akapiga tena. Wimbo wa mistari mitatu uliwachukua alasiri nzima, na ulijaa mapengo kila mahali. Kalunde alisema wataanza upya, ataharakisha.

"Acha hivyo hivyo," Ndeti alisema. "Ninakusikia ukija."

Walipiga hivyo karibu kila siku kwa miaka miwili. Mwezi wa Februari mwaka huu alishikwa na kiharusi cha pili. Alifariki nyumbani kwake Kambu, Jumanne tarehe 11 Machi 1997, saa tatu asubuhi, mke wake akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Ndeti ameacha mke, Kalunde, watoto Mumbua, Kiema, Musyoka na Mutindi, wajukuu watatu, ndugu zake wanne, akiwemo Ndululu anayewasomea haya, na mkwe mmoja. Familia inamshukuru Mzee Mutie, na Waithera aliyesafiri kutoka Murang'a kwa niaba ya marehemu baba yake.

Hakuna sahani yenye mkono wake. Gitaa liko hapa mbele yetu, na hatukumtafuta mtu wa kulipiga. Tumemwuliza Kalunde swali ambalo Ndeti angeuliza. Alisema Ndeti hakuwa akimwita kwa jina. Alikuwa anagonga ubao wa gitaa mara moja kwa kidole, na yeye anakuja.

Sasa tutaimba wimbo wa kwanza ulio kwenye ratiba. Tukimaliza mstari wa pili, tafadhali tusiharakishe. Tunyamaze wote, tukae hapo, mpaka Kalunde agonge ubao. Ndipo tutaendelea na wa tatu.

Mungu ampe Ndeti pumziko lake, na amani isiyo na haraka.