Mama Jumatatu, Bosi wa Sinema Aliyeajiri Kweli

Ndugu, majirani, wafanyakazi wa karakana, na ninyi mliomjua kwa kumcheka kwenye sinema: mimi ni mdogo wake wa mwisho, na nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yetu. Alinionya mapema nisirefushe. Nitajaribu.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Septemba 1958, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba dereva wa lori na mama mshona nguo. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, na kimoja kilikuwa cha cherehani, kwa hiyo sote tulijifunza kusema kwa sauti ya juu. Yeye alitushinda. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa akitoa amri, na mkunga alitii.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Alipokuwa darasa la sita alikamatwa akimwiga mwalimu mkuu, akaadhibiwa kumwiga mbele ya mwalimu mkuu mwenyewe. Aliitekeleza adhabu hiyo kwa ukamilifu hadi mwalimu akamwomba aache. Alimaliza sekondari mwaka 1975, akasomea ukarani, na Januari 1977 akaajiriwa kuwa karani wa shule, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na mitano.

Huko huko shuleni ndiko alikokutana na shemeji yetu, fundi rangi, aliyekuja kupaka madarasa. Madarasa yaliisha, lakini mlango wa ofisi ya karani ukawa hauishi kasoro. Alipokuwa akiupaka mara ya tatu, marehemu alimuuliza, "Unautaka mlango au unanitaka mimi? Maana rangi ya shule inaisha." Walifunga ndoa tarehe 18 Juni 1983, na Mungu akawajalia binti na mwana.

Mwaka 1994 kikundi cha maigizo cha mtaani kwetu kilianza kutengeneza filamu za kuchekesha kuhusu ofisi moja ambayo hakuna anayefanya kazi. Walitafuta mtu wa kuwa bosi, na hawakwenda mbali. Mnamkumbuka: miwani kwenye ncha ya pua, na kile kiti cha kuzunguka kilichoshuka polepole kila alipotoa amri, hadi kidevu kinagusa meza naye bado anaamuru. Kila aliyekuja kuomba kazi alijibiwa neno moja tu: "Njoo Jumatatu, saa mbili kamili." Jumatatu akija, anaambiwa Jumatatu nyingine. Watu walivunjika mbavu, kwa sababu kila aliyewahi kuzunguka na bahasha ya vyeti ameambiwa maneno hayo. Hapo ndipo alipopata jina la Mama Jumatatu.

Sasa nisimulie ya Jumapili ya tarehe 7 Machi 1999, maana bila hayo maisha yake hayaelezeki. Kikundi kilikuwa kimeazima ofisi ya mhasibu mmoja, kikatundika mlangoni kibao cha "Nafasi za Kazi", na waigizaji wakapanga foleni ya waombaji. Bwana mmoja wa makamo, baba wa watoto watatu, aliyekuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha samani, akapita njiani, akasoma kibao, akaunga foleni. Alishangaa kidogo kuona usaili siku ya Jumapili, lakini mwenye shida hachagui siku. Kamera aliiona, akadhani ndio utaratibu wa kampuni. Mwongozaji naye alimwona, akadhani ni mwigizaji aliyeletwa na wenzake.

Zamu yake ilipofika aliketi mbele ya bosi. Kiti cha bosi kikaanza kushuka.

"Samahani, bosi," akasema, "kiti chako kinaumwa."

Kabla ya kujibiwa alikuwa amemwinua kwa adabu, amekipindua kiti, na ametoa spana mfukoni kukaza kile ambacho mwongozaji alikuwa amehangaika asubuhi nzima kukilegeza. Marehemu hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya kamera. Akasimama pale bila kiti, akasema, "Umeajiriwa. Njoo Jumatatu, saa mbili kamili." Wote wakacheka. Yule bwana akashukuru, akaenda nyumbani kumwambia mkewe.

Kesho yake saa mbili kamili alikuwa mlangoni, shati limepigwa pasi, chakula cha mchana mkononi. Mhasibu akapiga simu shuleni. "Kuna mtu hapa anasema wewe ndiye bosi wake." Marehemu aliomba ruhusa, akaenda. Alituambia kwamba njiani alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi, na yalikuwa maneno mazuri. Lakini alipomwona yule bwana akiinuka haraka na kujiweka sawa kola, yalimkauka mdomoni.

"Umewahi," alimwambia. "Vizuri. Kazi ya leo ni kutafuta ofisi."

Jioni shemeji alirudi, akamkuta mgeni barazani kwake akifungua kiti kibovu cha mhasibu ili akitengeneze.

"Huyu nani?"

"Mfanyakazi wangu."

"Mke wangu, ile ilikuwa sinema."

"Kwangu mimi ilikuwa sinema. Yeye ameshamwambia mkewe."

Shemeji akawasogezea taa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na dada yetu aliyaoga. Kila mapumziko ya mchana alizunguka maofisini kutafuta viti vibovu. Makarani walipomwona walisimama bila kujijua, kwa mazoea ya sinema, naye akawaambia, "Sikuhitaji wewe, mwanangu, nakihitaji hicho ulichokalia." Karakana ikatoka barazani, ikahamia chumba cha kukodi nyuma ya kiwanda cha mikate, na mwaka 2002 akaacha ukarani ili aisimamie. Leo ina wafanyakazi kumi na wanane. Mwaka 2009 kazi iliadimika kabisa, tukamshauri apunguze watu. Alikataa katakata. Alisema neno lile la "Njoo Jumatatu" amewachekeshea sana watu, na hataki kulisema kwa mtu yeyote halafu akute mlango umefungwa. Mwaka huo alirudi kwenye filamu tatu alizokuwa amezikataa, akalipa mishahara kwa ujira wake, na karakana haikufungwa hata siku moja.

Yule bwana tunamwita Mwajiriwa wa Kwanza. Kile kipande chake kilibaki ndani ya filamu, na watu wengi husema hakuna aliyewahi kuigiza vizuri kama yeye. Hujibu kwamba hajawahi kuigiza.

Februari 2023 madaktari waligundua moyo wa marehemu umepanuka. Kaka yetu mkubwa, ambaye yupo hapa na atanisamehe, aliitisha kikao cha ukoo tuamue kuifunga karakana ili dada apumzike. Dada mwenyewe hakualikwa. Alikuja hivyo hivyo, taratibu, akishika kuta, akaketi.

"Tunataka upumzike," kaka akamwambia.

"Nitapumzika. Lakini karakana haina ugonjwa wa moyo."

Kikao kikaishia hapo. Alimkabidhi funguo Mwajiriwa wa Kwanza, akamfundisha mahesabu na namna ya kusema hapana, somo ambalo bado linamshinda. Mei mwaka huu alilazwa hospitali. Mara ya mwisho alipoonana na Mwajiriwa wa Kwanza wodini, mimi nikiwa nimeketi pembeni, alimwambia, "Nikienda katikati ya wiki, nizikeni Jumamosi. Jumatatu mfungue."

"Mama, watu watasema nini?"

"Watasema tuna kazi."

Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024 alfajiri, binti yake akiwa amemshika mkono. Tumeumia sana. Nyumba imekuwa kimya, na sisi hatukulelewa kwenye ukimya.

Ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni mwalimu, wajukuu watano, kaka mmoja, sisi wadogo zake watatu, na wafanyakazi kumi na wanane. Asubuhi hii baadhi yao waliniuliza kwa upole kama kuna haja ya kuja keshokutwa. Namjibia yeye, kwa maneno yake mwenyewe: njooni Jumatatu, saa mbili kamili. Mlango utakuwa wazi.

Dada, wewe sasa pumzika kwa amani. Sisi tuna kazi.